Kichwa cha O

Mimi si mwanasheria. Mimi ni mchapaji,
Kiborloni, chumba cha pili nyuma ya duka la mbao,
na Profesa Anansia Mlay nimemjua kwa kurasa zake
jinsi fundi viatu anavyowajua watu kwa visigino.

Kitabu chake cha kwanza, *Hukumu Isomeke*,
kilikuja na kurasa mia tatu na kumi,
kimefungwa kwa kamba ya katani
kama mzigo wa majani ya ng'ombe.
Wakati huo alikuwa akifundisha Arusha.
Kila Ijumaa anashuka Moshi na basi la saa tisa
kuja kunisimamia mabegani.

Sikumpenda.

Ananiuliza mimi, mwenye wino hadi viwikoni:
"Mdai alimwambia mdaiwa kwamba atalipa.
Nani atalipa?"
Mdaiwa, nasema.
"Kwa nini?"
Kwa sababu ndiye anayedaiwa, mama.
"Hiyo ni akili yako. Sentensi haijasema."
Na mashine inaningoja,
na umeme wa Moshi hauna subira.

Baadaye nilisikia, si kwake, kwa dada yake muuza maziwa:
hukumu iliyomwondoa baba yao kihambani, Kibosho,
iliishia hivi: *shamba ni lake.*
Lake. Basi.
Wanaume wawili walitoka mahakamani siku hiyo
kila mmoja akiwa ameshinda,
na mwenye panga refu
ndiye aliyeisoma vizuri zaidi.

Kumbe ndiyo maana kwake mkato ulikuwa sale la mpakani:
"Ling'oe usiku,
asubuhi uje uzike."

Ukurasa wa arobaini na moja niliuharibu mimi.
Palipotakiwa *kifungu cha tatu*
niliweka *kifungo cha tatu*.
Nakala mia tano, zimeshashonwa.
Alipoona hakufoka. Alivua saa,
akaagiza nyembe, pakiti mbili,
akanionyesha: unakwangua kichwa cha o,
taratibu, karatasi isitoboke,
inabaki u.

Siku tatu. Mimi, yeye, na kijana wangu Kundaeli,
karabai inavuma, chai ya rangi inapoa,
tunafungua kifungo kimoja baada ya kingine.
Usiku wa pili akacheka peke yake:
"Mpaka sasa tumewatoa mia mbili na kumi,
bila hata dhamana."

Toleo la pili lilikuwa na kurasa mia mbili.
La tatu, tisini na sita.
Wengine hunenepesha vitabu wakipanda cheo;
huyu alipopewa uprofesa
aliondoa sura nzima ya Kilatini
pamoja na shukrani kwa mkuu wa chuo.
Nami nalipwa kwa ukurasa!
Nikamwambia: Profesa, ukiandika la nne nitafunga duka.

Wanafunzi wake sasa ni mahakimu.
Wanakuja kwangu kuchapisha kadi za harusi
nami nawatambua kabla hawajajitaja:
wanaisoma kadi mara mbili, wanauliza,
"Hawa wazazi ni wa nani?"
Mmoja, wa huko Hai, alinionyesha hukumu yake
ya ng'ombe aliyevunja ua wa jirani.
Majina yote kamili,
hata la ng'ombe.

Mwaka huu kastaafu. Macho yamempungukia.
Toleo la nne limekuja kwenye bahasha ya kaki,
kurasa sitini na nne,
na pembeni, kwa penseli inayotetemeka:
*Punguza ukiona panafaa.*

Mimi!

Nimekaa nalo wiki nzima.
Nimepata neno moja tu la kutoa,
nikalitoa, nikasoma tena,
nikaona mtu fulani, mahali fulani,
akinoa panga.

Nimelirudisha mahali pake.

Pa neno, namaanisha.